Mtoto Aliyeitwa Babu

Upepo wa Nduguti mwezi wa nane haupigi hodi. Uliingia ukumbini kwa madirisha ya upande huu, ukapekua karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, ukatokea madirisha ya upande ule. Kila ulipopita, mwezeshaji Ritha alizikimbilia karatasi zake kama mtu anayekimbiza vifaranga, na walezi waliokuja mafunzoni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Dorkas peke yake hakucheka. Alikuwa na lake.

Dorkas alikuwa mlezi wa kituo cha watoto kijijini kwao: chumba kimoja cha matofali ya kuchoma kando ya kanisa, chenye mkeka, sufuria la uji na kapu la vizibo na magunzi ya kuchezea. Asubuhi wazazi wanaokwenda shamba walimwachia watoto wao. Aliwapikia uji wa uwele, akawaimbisha, akawafuta makamasi. Kijiji ndicho kilichomchagua aje kujifunza namna ya kuwafundisha watoto wadogo kwa michezo, na kuwafundisha wazazi pia. Alikuja na moyo wote. Ila katika moyo huo kulikuwa na mtoto mmoja aliyekaa mbele ya wengine wote, naye alikuwa wa kwake.

Januari iliyopita alimpeleka kijana wake shuleni aandikishwe darasa la awali. Mwalimu alikuwa mama mpole tu. Aliita jina la mtoto kwa sauti nzuri. Mtoto akaendelea kuchora ng'ombe mavumbini kwa kijiti. Mwalimu akaita tena. Ng'ombe akapata pembe. Akainama akamuuliza, "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Babu," mtoto akajibu.

Watoto waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mwalimu akamwambia Dorkas kwa upole ampeleke mtoto akapimwe masikio, kisha ampe muda akomae, amrudishe mwakani. Zahanati ikasema masikio ni mazima kama ya sungura. Basi watu wakaacha masikio, wakahamia kwenye akili. "Kazubaa kidogo yule," wakasema kisimani. Baba mkwe wake Dorkas naye akasema, tena kwa furaha, kwamba shule ikimkataa tena si kitu, mjukuu wake atakwenda na mifugo. Kwa mzee huyo likishatamkwa limepita. Januari ikija tena mtoto akashindwa kuitika, fimbo ya kuchungia ilikuwa inamngoja mlangoni.

Hilo ndilo lililomkalisha Dorkas mstari wa mbele bila kucheka.

"Haya, karatasi zimetulia," Ritha akasema. Alikuwa dada wa makamo, mwenye sauti ya kuimbisha. "Leo tunacheza na majina. Mtoto akilijua jina lake, ameshika kitasa cha mlango wa darasa. Kila mmoja ataje jina la mtoto wake wa mwisho, au mjukuu, halafu tulipige makofi kipande kwa kipande. Anza wewe."

"Ya-si-nta!" makofi matatu.

"I-no-se-nti!" makofi manne, ukumbi ukachangamka.

Zamu ikafika kwa Dorkas. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Ba-bu," akasema, akapiga makofi mawili.

"Umezaa babu wewe?" mlezi mmoja akauliza, na upepo ukabeba kicheko hadi nje.

"Ni jina la kudekeza hilo," Ritha akasema. "La darasani je?"

Dorkas akaangalia kandambili zake. "Baba yake anaweza kuliandika."

"Kuliandika? Na kulitaja?"

Ritha alikuwa mtu wa kuona, akampita, akaendelea na wengine.

Wakati wa chai Dorkas alijitenga na kikombe chake. Bibi Agripina hakumwacha. Huyo alikuwa mlezi mzee kuliko wote, alitokea Ulemo, na kwenye kituo chake, walisema, hakuna mtoto anayepewa uji kabla hajategua kitendawili. Akaja na andazi mkononi, akakaa, na walezi wengine wakamfuata, maana walishamzoea.

"Kitendawili!" Bibi Agripina akasema.

"Tega!"

"Nimepewa siku ya kutolewa nje. Jirani anakigusa, mpita njia anakigusa, hata adui yangu anakigusa. Mama yangu peke yake hathubutu."

"Kisogo!"

"Mama yako hakukufunga kitambaa kichwani?"

"Kivuli!"

"Kivuli unapewa na nani? Fikirini, msitafune tu."

"Makalio!" akasema yule aliyemcheka Dorkas.

"Makalio yangu mama aliyaosha na kuyachapa, mwanangu, tena sawasawa. Nipeni mji."

"Tunakupa Singida mjini."

"Singida nina mashemeji wengi mno, wataniomba chumvi. Nipeni Ikungi."

"Haya, chukua Ikungi."

"Nimefika Ikungi, nimekuta ni siku ya mnada, nimenunua kitenge, nimekula nyama choma na mtu wangu, nanyi mmebaki mnalamba vidole. Jibu ni jina langu." Bibi Agripina akamega andazi. "Mimi nimerithi jina la bibi mzaa baba. Mama yangu, Mungu amlaze pema, hakuweza kutaja jina la mama mkwe wake. Hadi anaingia kaburini aliniita 'Mama'."

Walezi wakacheka, wakapiga mapaja, kila mtu akawa na habari ya mkwe wake. Kikombe cha Dorkas kikamwagika.

"Bibi," akauliza, "wewe jina lako ulilijua lini?"

"Siku ya kwanza ya shule. Mwalimu anaita, Agripina! Agripina! Na mimi nageuka nyuma nimwone huyo Agripina mtovu wa adabu asiyeitika."

Hapo Dorkas akauona uwanja wa nyumbani kwake wote, kama mtu aliyewashiwa taa. Mtoto wake alipewa jina la babu yake mzaa baba. Yeye Dorkas hawezi kutaja jina la baba mkwe, kwa hiyo anamwita mtoto Babu. Mama mkwe naye hawezi kutaja jina la mume wake. Enock, mume wa Dorkas, hawezi kulitaja jina la baba yake mzazi. Mzee mwenyewe anamwita mjukuu "Wajina", maana wanachangia jina moja. Na watoto wa kituoni wanamwita vile wanavyomsikia mlezi wao anamwita. Hata ile siku ya shule, mwalimu alipolipaza lile jina, Dorkas mwenyewe aliinamisha macho kwa aibu, kana kwamba kavuliwa khanga njiani.

Masikio hayakuwa na kosa, wala akili. Mtoto aliitwa kwa jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumpa mkononi.

Dorkas akanyanyuka, akamfuata Ritha, akamweleza yote pale pale penye birika la chai. Ritha alisikiliza hadi mwisho.

"Dada Dorkas, mimi nimefundishwa kuuliza kama mtoto anageuka akiitwa jina lake," akasema. "Sikufundishwa kuuliza kama limewahi kuitwa. Kuanzia leo nitauliza." Kisha akamshika mkono. "Mnajua mafunzo haya yanaishia vituoni kwenu. Kila mlezi ataitisha siku ya wazazi, acheze na watoto mbele yao, wazazi nao wacheze. Kwako nitakuja mwenyewe. Fanya mchezo wa majina."

"Na jina la mwanangu?"

"Hilo siwezi kukupa mimi. Lina mwenyewe."

"Basi nitamfuata mwenyewe," Dorkas akasema.

*

Alianza na mumewe. Alimkuta Enock anaziba tundu la boma kwa matawi ya miiba.

"Mwite mwanao," akamwambia. "Kwa jina lake."

Enock akacheka, kisha akaona mkewe hachezi. Akatazama nyumba ya baba yake. Akasogea nyuma ya boma. Akavuta pumzi. "A…" akasema, kisha kikohozi kikamshika, kikohozi cha uongo kabisa.

"Umeona?" Dorkas akasema.

"Siwezi, mama Faith. Nikilipaza hilo jina hapa uwanjani ni kama namwamuru mzee aje afunge mbuzi."

"Kwa hiyo mwanao aende na mbuzi maisha yake yote kwa sababu ya kikohozi chako?"

Enock akachukua tawi lingine la miiba, akalishika vibaya likamchoma.

Dorkas akaenda kwa mama mkwe wake, maana hivyo ndivyo njia ilivyo: neno la mkamwana kwa baba mkwe hupitia jikoni kwanza. Mama Enock alikuwa anasonga ugali wa mtama. Alisikiliza bila kuacha mwiko.

"Mimi nimemzalia yule mzee watoto, nimempikia mpaka macho yameingia moshi, sijawahi kulitaja. Wewe umekwenda Nduguti juzi tu, umerudi na mdomo mrefu."

"Mama, wewe watoto wako walipewa majina mengine. Mimi nimepewa hili nililee."

Mwiko ukasimama kidogo. "Si alitaje dada yake? Faith ni mjukuu, wajukuu wana utani na babu yao."

"Umesahau, mama?"

Mama Enock hakuwa amesahau. Faith alipokuwa mdogo aliwahi kusimama katikati ya uwanja akamwita mdogo wake kwa jina kamili, kwa sauti ya kuita kuku. Ndani ya nyumba kubwa mzee akaitika, "Naam!" akatoka na kiatu kimoja, akiuliza nani amekuja. Bibi ndiye aliyemfinya Faith sikio siku hiyo. Hakulitaja tena.

"Nitamwomba mwenyewe," Dorkas akasema. "Siku ya wazazi, kituoni. Nisaidie tu aje."

"Utamwomba! Hata kukaa naye karibu hujawahi."

"Nitapiga magoti nikiwa mbali. Lakini nitaomba, mama."

Mama Enock akafunika sufuria. Akamtazama mkamwana wake kwa muda, kama mtu anayepima nguo kwa macho. "Mimi sijasikia kitu," akasema. "Nitamwambia kuna uji wa karanga. Huo haukatai."

*

Siku ya wazazi chumba kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Dorkas alikuwa amefagia tangu alfajiri, amepanga vizibo kwa rangi na magunzi kwa urefu. Ritha alikaa pembeni, akatulia. Wazazi walisitasita kukaa mkekani; baba mmoja akasema yeye ameacha kucheza tangu atahiriwe. "Basi leo umerudi likizo," Dorkas akamjibu, na akakaa.

Mzee alikuja na mkewe, akapewa kigoda mlangoni, na bakuli la uji mkononi. Dorkas alimwamkia kwa mbali akiwa amepiga magoti, uso umetazama pembeni, kama kawaida. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mkwe wangu." Enock alisimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta.

Mchezo ukaanza. Walishikana mikono duara, watoto na wakubwa, wakiimba, "Nani huyu, nani huyu, aingie kati atuonyeshe," na Dorkas akiita jina, mtoto anaruka katikati, wote wanalipiga makofi kipande kwa kipande. Luciana akaingia, akakata kiuno, watu wakashangilia. Calist akaingia kwa kutambaa, akisema yeye ni kobe. Kila mzazi aliposikia jina la mwanawe likipigwa makofi na chumba kizima, uso ulifunguka.

Wakabaki wawili, kisha mmoja. Kijana wa Dorkas alikuwa ameshaacha duara, amekaa na vizibo, anajenga boma la ng'ombe.

Wimbo ukafika mwisho wake. Watu wakangoja. Dorkas akahisi ulimi umekuwa mzito kama ugali uliopoa. Angeweza kusema Babu, mtoto angeruka, siku ingekwisha vizuri, na Januari ingekuja.

Akatoka kwenye duara. Akapiga magoti, safari hii si pembeni bali mbele ya kile kigoda, ingawa macho aliyaweka chini.

"Baba, nisamehe. Nakuja kwako mwenyewe, maana hili halina njia nyingine. Mjukuu wako hakushindwa shule kwa masikio. Alishindwa kwa sababu jina ulilompa hakuna anayemwita. Naomba ruhusa nimwite."

Kijiko kikalia kwenye bakuli. Mama Enock akajifunika khanga mdomoni.

"Nani kasema haitwi?" mzee akauliza. Sauti yake haikuwa ya ukali bado. Aliweka bakuli chini, akamgeukia mtoto. "Amosi!"

Kizibo kikaongezwa juu ya kizibo.

"Amosi!" mzee akarudia, sauti ile ile inayorudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya mwamba.

Mtoto akainua kichwa, akamtazama babu yake, kisha akageuka nyuma aone huyo Amosi ni nani.

"Wajina," mzee akaita polepole.

Mtoto akaruka, vizibo vikasambaa, akaja mbio akaingia katikati ya miguu ya babu yake. Mzee akakiweka kiganja juu ya kile kichwa kidogo, akakaa hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kukohoa, hata Enock.

"Nilimpa jina langu ili nikiondoka mniite kupitia kwake," mzee akasema hatimaye. "Kumbe sijaondoka bado, na mmeshanizika."

"Ni heshima, baba Enock," mkewe akasema kwa sauti ndogo. "Tumekuheshimu."

"Mimi mmeniheshimu. Huyu mmempa nini?" Akaangalia chumba kizima kana kwamba ndiyo kwanza anaona kuna watu. "Mbegu nimewapa mpande, ninyi mmeifungia kwenye kihenge, kila siku mnapita mnakisalimia kihenge." Kisha akamtazama mkamwana wake aliyekuwa bado magotini. "Inuka, mkwe wangu. Umenifuata mbele za watu. Lingekuwa jambo la kipuuzi ningekufukuza. La mtoto litaje. La kwangu liache pale pale lilipo."

"Ila, mzee," Enock akasema kutoka nyuma, "tutajuaje limeitwa lipi? Si ni moja?"

Watu wakaguna. Lilikuwa swali la kweli. Mzee mwenyewe akakwama. Akakuna kidevu. Dorkas ndiye aliyenyanyua viganja vyake, akavitazama kama mtu aliyesahau kwamba anavyo.

"La mtoto tutalipigia makofi, baba. La kwako halichezewi."

Mzee akafikiri. Kona ya mdomo wake ikasogea. "Vizuri. Lenye makofi ni la huyu. Na wewe Enock, ukisahau makofi ukaniita mimi, utaleta beberu."

Kicheko kilichotoka humo kilitikisa mabati. Katika kicheko hicho, kabla ujasiri haujamtoroka, Dorkas akapiga makofi matatu na kulitoa lile jina kinywani mwake kwa mara ya kwanza tangu aolewe: "A-mo-si!" Lilitoka limekwaruza, kama mlango wa ghala. Mama Enock akaziba masikio, kisha akaachia moja.

Mtoto hakugeuka. Msidhani aligeuka. Alikuwa anaokota vizibo vyake. Ritha akamwona Dorkas anashusha mabega, akamtikisia kichwa kutoka kule pembeni: endelea.

*

Akaendelea. Alimwita mtoto kwa makofi akimpa uji, akimwogesha, akimtuma kijiko. Siku nyingine mtoto alinuna, akasema, "Mimi Babu." "Babu ni yule pale mwenye kigoda," Dorkas alimwambia, "wewe ni huyu," na makofi matatu. Alimwagiza Faith, akawaagiza watoto wa kituo, akawaita wazazi wengine wenye watoto waliorithi majina ya wakwe, na wakajikuta si wachache. Enock alijifunza pole pole. Alianza kupiga makofi bila jina, mtoto akawa anageukia makofi, kisha siku moja jina likamponyoka, akaangalia nyumba kubwa, hakuna aliyetoka, akaligonga tena kwa raha. Hata mama Enock, akiwa peke yake jikoni na mjukuu, alisikika akigonga mwiko kwenye sufuria mara tatu na kunong'ona kitu. Alipoulizwa akasema anakung'uta ugali.

Mvua za kwanza zikaja, watu wakapanda mtama na alizeti, na Dorkas hakuacha.

Januari alimshika mtoto mkono, wakaenda shuleni. Foleni ilikuwa ile ile, mwalimu yule yule mpole. Dorkas alisimama nyuma kidogo. Safari hii hakuinamisha macho.

"Amosi!" mwalimu akaita.

Mtoto akatazama huku na huku. Kisha mtoto akajisogeza mbele, akajipanga vizuri, akamtazama mwalimu usoni.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Mtoto akanyanyua viganja. "A-mo-si!" Makofi matatu, safi, mpaka foleni nzima ikanyamaza.

"Hongera! Na makofi haya ni ya nini?"

Mtoto akamshangaa mwalimu kwa kutojua jambo dogo namna hiyo.

"Nisipopiga," akasema, "atakuja babu."